Kodi ipi, ya mamlaka ipi: mambo yanayomkwamisha wakili wa Zanzibar

Barua ya kodi inayomfikia mteja Unguja au Pemba hutoka kwenye moja ya mamlaka mbili, na kila moja ina sheria zake, mfumo wake wa kompyuta na njia yake ya rufaa. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) inasimamia kodi za Muungano. Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA), iliyochukua nafasi ya Bodi ya Mapato Zanzibar iliyoanzishwa mwaka 1996, inasimamia kodi zilizotungwa na Baraza la Wawakilishi. Wakili asiyeanza na swali la barua imetoka wapi na chini ya sheria gani anaweza kuandika pingamizi zuri mno akalipeleka mlango usio wake, na siku zikaisha hivyo hivyo.

Mgawanyo huu chanzo chake ni Katiba. Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 inataja miongoni mwa mambo ya Muungano kodi ya mapato ya watu binafsi na mashirika, ushuru wa forodha, na ushuru wa bidhaa zinazotengenezwa nchini unaokusanywa na Idara ya Forodha. Kodi ya ongezeko la thamani (VAT) haimo. Ushuru wa stempu haumo, wala tozo za hoteli. Ibara ya 138 nayo inasema wazi kwamba sharti la kodi kutungwa na Bunge halilizuii Baraza la Wawakilishi kutumia mamlaka yake ya kutoza kodi. Ndiyo maana Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inafanya kazi Mkoani, Pemba, sawasawa na inavyofanya Mtwara, wakati Sheria ya VAT ya Bara ya 2014 haina nguvu Mkoani. Huko inatumika Sheria ya VAT ya Zanzibar ya 1998, yenye kiwango cha jumla cha asilimia 15.

Kuna hoja ya kikatiba inayopendwa na mawakili wengi. Ibara ya 64 ya Katiba ya Muungano inataka sheria ya Bunge itamke wazi kwamba inatumika Zanzibar, na kifungu cha 132 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinaongeza kwamba sheria hiyo iwe ya jambo la Muungano na iwasilishwe mbele ya Baraza la Wawakilishi na Waziri anayehusika. Hoja ni halali kabisa, lakini inahitaji ushahidi. Ukitaka kusema sheria fulani ya fedha haikuwasilishwa Barazani, uwe na kumbukumbu rasmi za mikutano ya Baraza, na uiibue hoja hiyo tangu kwenye pingamizi. Kuitoa mfukoni siku ya kusikilizwa rufaa, huku hesabu za mteja hazina risiti, hakujamsaidia mtu.

Hoteli moja, madirisha mawili

Chukua hoteli ya vyumba 30 Nungwi, kampuni iliyosajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali (BPRA). Mgeni akilipa chumba, VAT inakwenda ZRA, risiti inatoka kwenye mfumo wa risiti za kielektroniki wa ZRA, na ritani (taarifa ya kodi ya mlipakodi) inapelekwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa mamlaka hiyo hiyo. Faida ya mwaka inatozwa asilimia 30 na TRA. Mishahara ndiyo inayowachanganya wahasibu wengi: kodi inayokatwa kwenye mshahara ni kodi ya mapato, kwa hiyo ni ya TRA, ila tozo ya kuendeleza ujuzi, inayopigwa kwenye orodha ile ile ya mishahara, huku Visiwani ni ya ZRA. Mhasibu aliyehamia kutoka Dar es Salaam amezoea kulipa vyote viwili TRA. Wakili anayekagua kampuni kabla ya kununuliwa aanze na orodha ya mishahara, maana deni lililosahaulika mara nyingi limelala hapo.

Biashara ndogo isiyosajiliwa VAT nayo isidhani imepona. Ushuru wa stempu Zanzibar haukomei kwenye hati za ardhi na mikataba, bali wafanyabiashara ambao hawajafikia VAT huulipa kwenye mauzo yao. Mteja akisema "sisi hatumo kwenye VAT", swali linalofuata ni stempu wanalipaje.

Kwenye mikataba, tatizo linalojirudia ni bei isiyotaja VAT. Mkandarasi amesaini kazi ya shilingi 115,000,000 na mkataba umenyamaza. Bei ikichukuliwa kuwa ina VAT ndani, milioni 15 ni za ZRA na mkandarasi anabaki na milioni 100. Yeye alipiga hesabu zake akijua zote 115 ni zake. Sentensi moja inamaliza ugomvi huo: bei hii haijumuishi VAT, nayo itaongezwa kwa kiwango kinachotumika siku ya kutoa ankara. Usiandike "asilimia 15" ndani ya mkataba wa miaka mitano, kwa sababu viwango hubadilishwa na sheria za fedha za kila mwaka. Na kwa biashara yenye matawi pande zote mbili za bahari, ankara za ZRA na risiti za mashine za kielektroniki (EFD) za Bara zitunzwe mbalimbali. Ni nyaraka za sheria mbili.

Kodi ya zuio, na nani anaibeba

Hapa ndipo hoteli na wawekezaji wetu wanapopoteza fedha nyingi, kwa hiyo panataka kukaa kidogo.

Sheria ya Kodi ya Mapato inamtaka mlipaji akate kodi kabla ya kulipa. Ada ya huduma za kitaalamu kwa mkaazi hukatwa asilimia 5, kodi ya pango kwa mkaazi asilimia 10, ada ya huduma kwa asiye mkaazi asilimia 15. Kilichokatwa kinapelekwa TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Asiyekata anadaiwa yeye, kama vile alikata. Mpokeaji anaweza kuwa Milano, ameshalipwa na ameshasahau, lakini deni limekaa Nungwi pamoja na riba inayozaa kila mwezi juu ya riba.

Mikataba ya uendeshaji wa hoteli na kampuni za nje huandikwa kwa mtindo wa "malipo yote yatafanywa bila makato ya aina yoyote". Mteja wa hapa anasaini bila kujua kwamba ameibeba kodi ya mwenzake. Hesabu yake ni hivi: mwendeshaji anataka apokee 10,000,000 kamili. Kiasi cha kukatia kodi si milioni 10, ni 10,000,000 kugawanya kwa 0.85, yaani 11,764,706. Kodi ni 1,764,706. Wapo wanaolipa 1,500,000 wakidhani wamemaliza, kisha mkaguzi anakuja na tofauti ya miezi 36. Ukiwa upande wa hoteli, pigania kifungu hicho kiondoke. Kikishindikana kuondoka, basi mteja aoneshwe tarakimu hizo kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Swali lililosumbua miaka mingi ni huduma iliyofanyiwa nje: mchoraji amekaa Nairobi, mshauri wa masoko amekaa London, hakuna aliyekanyaga hapa. Mahakama ya Rufani ililijibu mwaka 2018 katika shauri la Tullow Tanzania BV dhidi ya Kamishna Mkuu wa TRA, Rufani ya Madai Na. 24 ya 2018. Ilisema kwamba malipo ya mkaazi kwa huduma iliyotumika nchini yana chanzo chake nchini, hata kama kazi ilifanyiwa ng'ambo. Mahakama ya Rufani ni moja kwa Bara na Visiwani, na kodi ya mapato ni jambo la Muungano, kwa hiyo hakuna njia ya kusema uamuzi huo ni wa upande wa pili. Kamisheni za mawakala wa nje, ada za programu za kuuza vyumba na ushauri wa mbali vyote vipimwe kwa kipimo hicho.

Mkataba wa kuepuka kutozwa kodi mara mbili unaweza kupunguza makali. Tanzania inayo na nchi chache, zikiwemo Italia, India, Afrika Kusini, Canada, Zambia na nchi za Skandinavia. Italia ina maana kubwa kwetu kwa sababu ya hoteli za mwambao wa mashariki. Uingereza haimo. Lakini nafuu ya mkataba haiji yenyewe: uwe na cheti cha ukaazi wa kikodi cha mpokeaji kutoka nchi yake, na uthibitishe nani hasa yuko nyuma ya kampuni inayopokea. Kampuni iliyofunguliwa Roma na wamiliki walioko nchi nyingine itaulizwa maswali.

Jambo la mawakili wenyewe pia lisipite. Benki au kampuni ikikulipa ada na kukata asilimia 5, dai cheti cha kodi iliyozuiwa siku ile ile. Bila cheti, huwezi kuipunguza kwenye kodi yako ya mwaka, na utajikuta umelipa mara mbili.

Cheti cha uwekezaji hakisemi kila kitu

Mwekezaji akishapewa cheti na ZIPA, mamlaka ya uwekezaji ya Zanzibar, huamini amesamehewa "kodi". Zipi? Misamaha ya VAT na tozo za Zanzibar inatoka kwenye sheria za Zanzibar na haina ugumu mkubwa. Ugumu uko kwenye kodi ya mapato, ambayo Baraza la Wawakilishi halina uwezo wa kuibadilisha. Daraja lipo ndani ya Sheria ya Kodi ya Mapato yenyewe: Nyongeza ya Pili inataja miongoni mwa mapato yaliyosamehewa yale yanayotokana na uwekezaji uliosamehewa chini ya sheria iliyoandikwa inayotumika Tanzania Zanzibar.

Soma maneno hayo polepole. Sheria iliyoandikwa, si barua ya afisa wala ahadi iliyotolewa kwenye mkutano wa wawekezaji. Kwa hiyo kabla ya kumwambia mteja amesamehewa, weka mezani sheria ya uwekezaji iliyokuwa ikitumika siku cheti kilipotolewa, kifungu kinachotoa msamaha, muda wake na masharti yake, kisha cheti chenyewe kilingane navyo. Sheria ya uwekezaji Zanzibar imeandikwa upya zaidi ya mara moja, na cheti cha zamani kinaishi kwa masharti ya mpito ya sheria mpya. Pia msamaha ni wa mapato ya mradi ule. Duka la nguo lililofunguliwa baadaye kwenye uwanja wa hoteli si lazima liwemo. Wala msamaha haumwondolei mwekezaji wajibu wa kukata kodi za watu wengine: mishahara ya wafanyakazi, pango, ada za washauri. Madeni mengi ya hoteli zilizosamehewa ni ya aina hii hasa.

Kuuza ardhi, kuuza hisa

Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma iliyo chini ya Rais, na kinachouzwa ni haki ya matumizi pamoja na kilichojengwa au kupandwa juu yake. Uhaulishaji unapita Bodi ya Uhaulishaji Ardhi, ushuru wa stempu unalipwa ZRA, na faida ya muuzaji inatozwa na TRA kwa awamu moja: asilimia 10 ya faida kwa mkaazi, na kiwango kikubwa zaidi kwa asiye mkaazi. Msajili hatakiwi kuandikisha uhamisho kabla ya kuonyeshwa uthibitisho wa TRA kwamba awamu hiyo imelipwa au haidaiwi.

Kinachoharibika ni mpangilio wa fedha. Mnunuzi analipa bei yote siku ya kusaini, muuzaji anasafiri kwenda Muscat, na wiki sita baadaye inagundulika kodi ya faida haijalipwa. Mnunuzi ana mkataba, hana hati. Njia salama ni kumwekea wakili sehemu ya bei inayotosha kodi mpaka uthibitisho wa TRA utoke, na mkataba useme wazi kwamba mauzo yanategemea idhini ya Bodi. Bei ya uongo kwenye mkataba, iliyoshushwa ili stempu iwe ndogo, inamgeukia mnunuzi mwenyewe siku atakayouza: gharama yake kwenye vitabu ni ile ndogo aliyoandika, na faida yake itaonekana kubwa kuliko ilivyo.

Kwa shamba la mikarafuu lililorithiwa, tuseme Wete, tatizo ni jingine. Karatasi za Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana zinaonyesha nani amerithi nini, lakini hazionyeshi babu alinunua kwa kiasi gani. Sheria ina njia kwa mkaazi asiye na kumbukumbu za gharama: asilimia 3 ya bei ya kuuzia au ya thamani iliyoidhinishwa, ipi ni kubwa. Linganisha kabla ya kuchagua. Shamba likiuzwa milioni 80, asilimia 3 ni 2,400,000. Kama gharama zinazothibitika ni milioni 70, faida ni milioni 10 na asilimia 10 yake ni 1,000,000 tu. Kwa hiyo wapekue makabati kabla ya kwenda TRA.

Hisa zina mtego wake. Umiliki halisi wa kampuni ukibadilika kwa zaidi ya asilimia 50 ukilinganisha na wakati wowote ndani ya miaka mitatu iliyopita, kampuni yenyewe inahesabiwa kama imeuza mali zake na kuzinunua tena. Mauzo yanaweza kuwa yamefanyika Dubai, kati ya watu wawili wasiojua Paje iko wapi, lakini mdaiwa ni kampuni ya Paje. Mnunuzi anayeichukua kampuni hiyo anachukua na deni, kwa hiyo mkataba wa hisa uwe na kinga ya kodi inayomrudia muuzaji. Masharti ya kifungu hiki yamerekebishwa mara kadhaa, basi usome toleo lililokuwa likitumika siku ya mabadiliko ya umiliki.

Na kuhusu matoleo: Urekebu wa Sheria Toleo la 2023, ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2025, umepanga upya namba za vifungu katika baadhi ya sheria za Muungano. Hukumu za nyuma zinataja namba za zamani. Katika pingamizi, taja namba mpya na ya zamani pamoja. Kumbuka pia kwamba kila mwaka kuna sheria mbili za fedha, ya Bunge na ya Baraza la Wawakilishi.

Siku 30 za kwanza

Sasa mgogoro wenyewe, kwa kodi za Muungano. Uamuzi wa ZRA una njia yake chini ya sheria za Zanzibar za usimamizi na rufaa za kodi, na siku zake hazifanani na hizi, kwa hiyo usizichanganye.

Mteja akipokea makadirio ya TRA tarehe 3 Machi, siku ya 30 ni tarehe 2 Aprili. Ndani ya muda huo pingamizi lifike kwa Kamishna Mkuu kwa maandishi, likieleza sababu. Pamoja nalo, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka amana: theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, au kiasi kisichobishaniwa, kile kilicho kikubwa. Makadirio yakiwa milioni 240 na mteja anakubali milioni 60, amana ni milioni 80. Akikubali milioni 100, amana ni milioni 100. Pingamizi lisilo na amana halipokelewi, hata likiwa na hoja za dhahabu. Kamishna anaweza kupunguza au kuondoa amana akiombwa, lakini ombi liende mapema na sababu zenye vielelezo: taarifa za benki, orodha ya madeni, mtiririko wa fedha wa msimu. Kusema "biashara ni ngumu" hakutoshi. Hoteli inayopokea makadirio Aprili, wakati masika yamefunga vyumba, ina hoja nzuri ya ukosefu wa fedha taslimu, ila tarakimu ndizo ziiseme.

Baada ya hapo Kamishna hutuma mapendekezo ya jinsi anavyokusudia kulimaliza pingamizi, na mlipakodi ana siku 30 za kujibu kwa maandishi. Barua hii mara nyingi haipewi uzito. Anayenyamaza anaruhusu Kamishna amalize kwa hesabu zake. Miezi 6 ikipita tangu pingamizi lipokelewe bila uamuzi, makadirio yanahesabiwa yamethibitishwa, na hapo haki ya kwenda Bodi ya Rufani za Kodi inaanza. Iandike tarehe hiyo kwenye kalenda siku unayopokea uthibitisho wa pingamizi, kwa sababu hakuna atakayekutumia barua ya kukukumbusha.

Uamuzi wa mwisho ukipokelewa tarehe 10 Juni, notisi ya kusudio la rufaa iwe Bodini ifikapo tarehe 10 Julai, na rufaa yenyewe ifikapo tarehe 25 Julai, yaani siku 45. Zote zinahesabiwa tangu kupokea uamuzi. Wanaohesabu 45 kuanzia siku ya notisi wanachelewa kwa mwezi mzima. Kuongezewa muda kunawezekana kwa kutokuwepo nchini, ugonjwa au sababu nyingine ya msingi, na wakili kuhesabu vibaya si sababu ya kuitegemea.

Mbele ya Bodi, mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio yamezidi au yamekosewa uko kwa mrufani. Ushahidi wote uingie hapo: mikataba, ankara, taarifa za benki, na mhasibu aliyeandaa vitabu aje mwenyewe kueleza. Kutoka Bodi kwenda Baraza la Rufani za Kodi, notisi ni siku 15 na rufaa siku 30. Kutoka Baraza kwenda Mahakama ya Rufani, ni hoja za sheria tu zinazosikilizwa. Notisi ni ndani ya siku 30, na kumbukumbu za rufani ndani ya siku 60 baada ya notisi. Mwenendo wa shauri usipotolewa haraka, barua ya kuuomba iwe imeandikwa ndani ya siku 30 tangu uamuzi na nakala yake amepewa mjibu rufani. Bila nakala hiyo kuonyesha muhuri wa kupokelewa, siku za kungojea mwenendo hazitolewi kwenye hesabu, na rufani itaondolewa kwa kuchelewa.